TAHARIRI: MCHEZAJI SI SHEHENA



Msimu wa ligi ukimalizika, mazungumzo ya mji wetu hubadilika. Kutoka Kibokoni hata Makadara, kutoka Bondeni hata Mwembe Tayari, na kule Kilindini wakati wa kupokezana zamu, husikii ila habari moja: nani auzwe na nani aletwe. Beki fulani amechoka, atolewe. Fowadi fulani hafungi, apelekwe kwingine. Golikipa fulani anatakiwa Dar es Salaam, asiachiwe ila kwa fedha nyingi. Kila mtu ni kocha, na kila mtu ni mweka hazina. Barazani, mbele ya kahawa tungu, wachezaji wamesajiliwa na kufukuzwa wengi kuliko katika vilabu vyote vya Kenya.

Hatuandiki haya kwa kuwakemea wapenzi wa mpira. Mpira ni burudani ya mfanyakazi, na mtu aliyekesha juu ya winchi ana haki ya kusema neno lake juu ya timu anayoipenda. Lakini liko jambo ambalo halisemwi katika mabishano hayo, nalo latuhusu sisi watu wa Chama kuliko mtu mwingine yeyote. Jambo lenyewe ni hili: mchezaji ni mfanyakazi. Ana mwajiri, ana mkataba, ana mshahara, na ana mwili ambao ndio chombo chake cha kazi. Mwanachama ajuaye kudai haki yake gatini asiisahau haki ya mwenziwe akifika uwanjani Mbaraki.

HABARI YA BANDARI MWAKA WA 2019

Tuchukue mfano ulio karibu nasi. Klabu ya Bandari ni klabu ya Halmashauri ya Bandari, yaani fedha zake hutoka katika kazi ya gati hizi hizi. Mwaka wa 2018 ilimaliza ligi ikiwa ya pili nyuma ya Gor Mahia, na msimu wa 2018/19 ikawa ya pili tena nyuma ya Gor Mahia hao hao. Januari 2019 ilikwenda Dar es Salaam katika mashindano ya SportPesa, ikaifunga Simba mjini kwao mabao 2 kwa 1, kisha ikafungwa na Kariobangi Sharks bao 1 kwa 0 katika fainali. Tarehe 1 Juni 2019 ikalipiza: iliwapiga Sharks mabao 3 kwa 1 ikatwaa Ngao, kocha akiwa Bernard Mwalala, na kwa Ngao hiyo ikapata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika.

Wakati watu wa Mombasa wangali washangilia, golikipa Farouk Shikhalo akaenda zake kuchezea Yanga ya Dar es Salaam. Bandari ikaingia Afrika bila yeye. Ikawatoa Al-Ahly Shendi wa Sudan, ikawatoa Ben Guerdane wa Tunisia, kisha safari ikakomea kwa Horoya ya Guinea.

Mambo kama hayo yakitokea, maneno huwa mengi. Mmoja husema mchezaji ni msaliti. Wa pili husema viongozi ni wajinga, wangemfungia asitoke. Wa tatu husema, Yanga ni klabu kubwa, mwacheni kijana atafute riziki yake. Sisi twamwunga mkono huyo wa tatu. Karani wa tali akitoka kampuni moja ya meli akaenda nyingine yenye mshahara bora, hatumwiti msaliti. Twampa mkono wa heri, na labda twamwuliza kama iko nafasi nyingine huko. Kwa nini basi kijana wa mpira tumhukumu kwa sheria nyingine? Na maisha yake ya kazi ni mafupi. Akifika miaka 35, wengi wa rika lake wameshaacha kucheza. Goti likiumia leo, kesho hana kazi. Kwa miaka hiyo michache lazima apate fedha za kumtunza katika miaka mingi itakayofuata.

KINACHOUZWA NI NINI?

Neno hili, kuuza mtu, si neno dogo katika Pwani yetu. Mababu wa wengi wetu walijua maana yake, na hali ya utumwa haikufutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mpaka mwaka wa 1907. Basi tuseme sawasawa. Klabu haiuzi mtu. Mchezaji ameahidi kuitumikia klabu mpaka tarehe fulani. Klabu nyingine ikimtaka kabla ya tarehe hiyo, yalipa ili klabu ya kwanza ikubali ahadi ile ivunjwe. Kinachouzwa ni muda wa mkataba uliosalia, na mchezaji mwenyewe lazima akubali. Muda ukiisha, hapana cha kuuza.

Hili wapenzi wengi hawalifahamu. Husikia kwamba mchezaji ameondoka bure, wakapiga kelele kwamba klabu imeibiwa. Haikuibiwa. Mkataba ulikwisha, na mtu aliyemaliza kazi aliyoahidi yu huru. Kwa kanuni za FIFA, miezi 6 ya mwisho ya mkataba mchezaji aweza hata kutia sahihi na klabu nyingine, ili ahamie huko mkataba wa kwanza utakapokwisha. Kama viongozi walitaka kumweka au kupata fedha, wangekaa naye mezani mapema na kumpa masharti mazuri. Kosa ni la mwajiri aliyelala, si la mfanyakazi aliyeamka.

UHURU HUU ULIPATIKANA KWA KUPIGANIWA

Wako wadhanio kwamba wachezaji wa Ulaya walizaliwa matajiri. Si kweli. Uingereza, nchi iliyotuletea mpira huu, iliweka kiwango cha juu cha mshahara tangu mwaka wa 1901, na hapana klabu iliyoruhusiwa kumlipa mchezaji zaidi yake hata viwanja vikijaa watu. Mwaka wa 1961 kiwango kilikuwa pauni 20 kwa juma. Chama cha wachezaji, kikiongozwa na Jimmy Hill, kilitangaza kwamba watagoma. Wenye vilabu wakasalimu amri kabla ya mgomo kuanza, na Januari 1961 kiwango kile kikafutwa.

Likabaki jambo la pili. Mkataba wa mchezaji ulipokwisha, klabu iliweza kumzuia asiende kwingine. George Eastham wa Newcastle alitaka kuhama mwaka wa 1960, akakataliwa, akaacha kucheza akafanya kazi nyingine mpaka wakamwachia kwenda Arsenal. Hakutosheka. Alikwenda mahakamani, na mwaka wa 1963 jaji akasema kanuni ile ya kumshika mtu ilikuwa kinyume cha haki. Baadaye akaja Jean-Marc Bosman wa Ubelgiji. Mkataba wake na klabu ya Liège ulikwisha mwaka wa 1990, klabu ikataka kumpunguzia mshahara sana, na alipotaka kwenda Ufaransa ikamzuia kwa kudai ada. Mashitaka yake yalichukua miaka 5. Tarehe 15 Desemba 1995 mahakama kuu ya Ulaya ikaamua kwamba mkataba ukiisha mchezaji huenda atakako bila ada. Bosman mwenyewe hakutajirika, lakini maelfu waliomfuata walifaidika.

Wazee wetu wa gatini wangezifahamu habari hizi bila mfasiri. Wao walijua kipande, na walijua kazi ya kibarua, leo umechukuliwa na kesho umeachwa langoni. Tarehe 13 Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa waligoma, wakasimamisha mji kwa siku 12. Na walikutana wapi kila siku? Walikutana katika uwanja wa mpira huko Majengo, wakauita Kiwanja cha Maskini. Machi 1955 watu wa gati waligoma tena, na Tom Mboya akaja kutoka Nairobi kusaidia mapatano. Katika miaka ile ile ya 1950 ndipo kazi ya gati ilipoanza kutoka katika kibarua cha siku ikawa kazi ya kudumu. Kwa hivyo kiwanja cha mpira na haki ya mfanyakazi si mambo mawili yasiyojuana katika mji huu. Yamejuana tangu zamani.

KUSAJILI NI KUTIA SAHIHI, KULIPA NI JAMBO LA PILI

Sasa tuje kwenye kusajili. Mpenzi wa mpira hupenda kusikia majina mapya. Kiongozi naye ajua hivyo. Huita waandishi wa habari, humvisha kijana jezi, picha hupigwa, watu hufurahi. Lakini ni wangapi kati yetu huuliza: mshahara wa kijana huyu utatoka wapi mwezi wa sita? Bima yake iko? Akivunjika mguu katika mazoezi, nani atamlipa daktari?

Mwaka wa 2019 kampuni ya SportPesa iliacha kudhamini mpira wa Kenya, na vilabu vilivyoitegemea vikaona taabu. Wachezaji walikaa miezi bila mshahara. Sony Sugar ilishindwa kufika katika mechi zake ikaondolewa katika ligi mwaka huo huo. Na deni la mshahara halifi. Mwaka wa 2021 AFC Leopards, klabu iliyoanza mwaka wa 1964 kwa jina la Abaluhya, ilikatazwa na FIFA kusajili wachezaji wapya kwa sababu ya madeni ya watu waliokuwa wameitumikia. Gor Mahia nayo ikapata adhabu ya namna hiyo. Hivi ndivyo vilabu viwili vyenye wapenzi wengi kuliko vyote nchini. Wapenzi wale wale waliopiga kelele aletwe fulani na fulani ndio waliokuja kukaa msimu mzima bila mchezaji mpya, kwa kuwa waliotangulia hawakulipwa.

Kanuni ni wazi. Mchezaji asipolipwa mishahara ya miezi 2 bila haki, aweza kuiandikia klabu barua, akaipa siku 15 imlipe. Isipolipa, ana haki ya kuvunja mkataba na kudai chake. Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka wa 2007 yasema kazi ya miezi 3 au zaidi lazima iwe na mkataba wa maandishi. Katiba ya mwaka wa 2010, kifungu cha 41, yampa kila mtu haki ya kutendewa kwa uadilifu katika kazi, na kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Haikusema kila mtu ila wenye kucheza mpira. Na kiko chama cha kuwatetea wachezaji wa Kenya, nacho ni KEFWA. Yafaa kila kijana anayetia sahihi akijue, na yafaa sisi wenye uzoefu wa vyama tukiunge mkono.

FUNGU LA TIMU ZA MTAANI

Liko jambo lingine lenye fedha ndani yake, na watu wetu hulipoteza kwa kutoandika. Mchezaji akihama kutoka nchi moja kwenda nyingine kwa ada, mkataba wake ukiwa haujaisha, kanuni za FIFA zataka asilimia 5 ya ada ile igawanywe kwa vilabu vilivyomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi mwaka anaotimiza miaka 23. Miaka 4 ya mwanzo kila mmoja una robo ya asilimia moja, na miaka 8 iliyobaki kila mmoja una nusu ya asilimia moja.

Tupige hesabu. Tuseme kijana ameuzwa ng'ambo kwa shilingi 10,000,000. Timu ya mtaani iliyomlea kwa misimu 4, ya miaka 16, 17, 18 na 19, inastahili asilimia 2, yaani shilingi 200,000. Fedha hizo zanunua mipira, viatu, na dawa za misuli kwa msimu mzima. Na ada hizi si ndoto. Mwaka wa 2013 Victor Wanyama, mtoto wa Nairobi, alitoka Celtic ya Scotland kwenda Southampton ya Uingereza kwa pauni milioni 12 na nusu.

Lakini timu haipati hata senti moja kama haikumsajili kijana kwa njia iliyo halali, na kama hapana kumbukumbu za miaka aliyocheza. Mkufunzi mzee wa Majengo au Likoni aliyemfundisha mtoto kuvaa viatu hujua kwa kichwa kila mwaka na kila mechi. Kichwa hakikubaliwi huko. Karatasi ndiyo hukubaliwa. Karani mmoja mwenye daftari safi aweza kuwa na thamani kuliko mlezi tajiri anayetoa jezi mara moja akasahau.

WENYEJI NA WATU WA KUJA

Hatuwezi kumaliza bila kugusa mabishano makali kuliko yote, ambayo husemwa kwa sauti ya chini. Wako wasemao: klabu ya Mombasa yawezaje kujaa watu wa bara, na Waganda, na Wakongo, na hali vijana wa Pwani wakaa maskani bila kazi? Uchungu huo twaufahamu. Mji huu ulikuwa na Feisal, iliyotwaa ubingwa wa Kenya mwaka wa 1965, na wazee wa Mji wa Kale hawajaisahau. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, na kijana asiyepata pa kuchezea kwao atatuzwa wapi?

Lakini Chama hakiwezi kukubali kwamba dawa ni kumfukuza mwenye kabila jingine. Watu waliokaa Kiwanja cha Maskini mwaka wa 1947 walikuwa wa Pwani na wa bara, na kama wangaliulizana kabila mgomo ule usingalifika siku ya pili. Mganda aliyetia sahihi kwa haki na anayetoka jasho kwa haki ni mfanyakazi mwenzetu. Huyo si adui wa kijana wa Kuze. Mgala muuwe na haki mpe.

Kinachomdhulumu kijana wa Kuze ni kwamba hapana aliyemwita aje ajaribiwe mbele ya watu, viwanja vya kuchezea watoto vimepungua, na kupata nafasi kumekuwa kwa kujuana. Haya ndiyo tuyadai. Tukidai mgeni atoke tu, atatoka huyu na mahali pake ataingia mpwa wa mkubwa fulani, na kijana wa Kuze atakuwa bado amekaa maskani.

YATUPASAYO

Basi, ndugu, msimu wa kusajili ukifika tubishane kama kawaida yetu, lakini tubishane kwa maswali yenye faida. Twapendekeza manne.

Kwanza, tukisikia jina jipya tuulize: mkataba wake ni wa muda gani, umeandikwa, na yeye mwenyewe amepewa nakala?

Pili, kabla ya kushangilia anayekuja, tuulize wanaoondoka wamelipwa chao chote. Klabu yenye deni la jana haina haki ya kununua leo.

Tatu, klabu ikiuza, tuulize fedha zimekwenda wapi. Klabu ya shirika la umma hulishwa na kazi ya umma, na mfanyakazi wa bandari ana haki ya kusomewa hesabu kama asomewavyo hesabu ya Chama chake katika mkutano wa mwaka.

Nne, kila mwanachama mwenye timu mtaani kwake aende akaulize kama vijana wamesajiliwa na daftari liko. Kama haliko, alianzishe. Wako wanachama wetu wengi waliozoea kuandika kontena elfu bila kukosa hata moja. Kuandika vijana 25 kutawashindaje?

Na jambo la mwisho ni la ulimi. Mchezaji akikosa bao, mkemee kama unavyomkemea mwenzako aliyekosa kufunga kamba ya mzigo, kwa kuwa kazi imeharibika. Lakini usimwite takataka ya kutupwa. Sisi tuliitwa makuli kwa dharau miaka mingi, tukaambiwa tuko wengi langoni na yeyote asiyetaka aondoke. Tulikataa, tukaungana, mambo yakabadilika. Mtu aliyeonja dharau ile asimwonjeshe mwenziwe, hata kama mwenziwe amekosa penalti dakika ya 90.

Umoja ni nguvu, gatini na uwanjani.

MHARIRI